BUSTANI YA MIMEA YA DAR ES SALAAM

Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za bustani iliyo katikati ya mji wa Dar es Salaam. Yawezekana mtu wa Masagati akisikia hayo atacheka, aseme: "Sisi tumezungukwa na miti. Milima yetu ina msitu, na bondeni majani humpita mtu kimo. Ya nini kutuhubiria habari za miti michache iliyozungushiwa ua mjini?" Neno hilo si la kupuuzwa, maana mwenye msitu hana haja ya kuonyeshwa mti. Lakini katika bustani hii mna mambo matatu yampasayo kila mtu kuyajua. Kwanza, mna habari ya serikali iliyoitafuta faida katika udongo wa nchi yetu. Pili, mna habari ya mimea iliyovuka bahari hata ikawa kama wenyeji. Tatu, mna habari ya kipande cha ardhi kilichoachwa kiwe cha watu wote, mahali ambapo kila hatua ya udongo ina bei yake. Jambo hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo lawahusu watu wa Masagati na Ifakara sawasawa na watu wa Dar es Salaam, kama tutakavyoona.

MAHALI ILIPO

Mtu atokaye Masagati kwenda Dar es Salaam huteremka mpaka Mlimba, ambako hupita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975. Reli hiyo hulifuata bonde, hupita Ifakara, hupita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, kisha hushika njia ya mashariki mpaka pwani. Afikapo mjini msafiri hukuta joto, vumbi, motokaa zisizo na hesabu, na majumba marefu yaliyosimama bega kwa bega. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728.

Akiendelea mpaka upande wa mashariki wa mji, mahali palipoitwa zamani Uzunguni, atafika Barabara ya Samora. Hapo, jirani na Jumba la Makumbusho ya Taifa, na si mbali na Ukumbi wa Karimjee ambamo Bunge la nchi huru lilikutana katika miaka yake ya kwanza, ndipo ilipo Bustani ya Mimea. Si bustani kubwa, tena imezungukwa na barabara na majengo. Lakini aingiaye humo wakati wa adhuhuri huona tofauti mara moja. Jua hukatwa na matawi, sauti za motokaa hupungua, na miguu hukanyaga majani badala ya lami.

ASILI YAKE

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyeipenda bandari yake yenye maji matulivu. Majid alikufa mwaka 1870, na mji ukazorota. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliweka kituo chao hapo mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo, wakayaleta Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1893, bustani hii ikaanzishwa.

Mwenye kuianzisha alikuwa Dokta Franz Stuhlmann, mzaliwa wa mji wa Hamburg, mtu wa elimu ya wanyama. Kabla ya hapo alikuwa amesafiri bara pamoja na Emin Pasha, na mwaka 1891 alipanda milima ya Ruwenzori hata kimo cha mita 4,000 hivi. Aliporudi pwani alikabidhiwa kazi ya kuangalia kilimo cha koloni.

Msomaji asidhani kwamba bustani ilifanywa ili watu wapate kivuli cha kupumzikia. Ilifanywa ili kujaribu. Zamani zile kila dola kubwa ya Ulaya ilikuwa na bustani za namna hiyo, na mama yao alikuwa bustani ya Kew, karibu na London, iliyoanza mwaka 1759. Faida yake ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Henry Wickham, alichukua mbegu za mpira zipatazo 70,000 kutoka Brazili akazipeleka Kew. Zilizoota hazikufika 3,000, lakini miche hiyo ilipelekwa Sailani na Singapore, na kwa miche hiyo mashamba makubwa ya mpira ya Asia yalianzishwa, hata biashara ya mpira ikaiponyoka Brazili. Jambo hilo liliwafundisha watawala wote kuwa mbegu ndogo iliyomo mfukoni yaweza kugeuza utajiri wa nchi mbili. Basi haishangazi kuona Dar es Salaam ikipata bustani yake mwaka 1893, na Entebbe, katika Uganda, ikipata yake mwaka 1898.

Kazi ya kujaribu hufanywaje? Mbegu ngeni hupandwa kitaluni chini ya kivuli. Zikiota, miche huhamishwa, mingine juani, mingine penye unyevu, mingine penye mchanga. Kisha hutazamwa mwaka baada ya mwaka. Je, mche huu wastahimili kiangazi? Je, wadudu wa nchi hii waupenda? Je, wazaa sawa na kwao, au waota majani tu? Mimea iliyojaribiwa Dar es Salaam ilikuwa ya namna nyingi: mazao ya biashara, na mimea ya mapambo. Kazi hiyo yataka subira, maana mti hauna haraka. Mwenye kupanda mti wa mbao hujua kuwa huenda mwenye kuukata atakuwa mjukuu wake.

Mwaka ule ule wa 1893 mkonge nao uliingia nchini. Dokta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, katika Marekani, kwa njia ya Hamburg. Katika miche elfu moja, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika baadaye kuwa ya kwanza duniani kwa kuuza mkonge. Mwaka 1902 chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo kikafunguliwa Amani, katika milima ya Usambara, naye Stuhlmann akawa mkuu wake wa kwanza. Tangu hapo uchunguzi mkubwa ukafanyika huko milimani.

Lakini habari hii ina upande wa pili, na watu wa bonde la Kilombero waujua kuliko wengi. Serikali ile ile iliyokuwa ikitafuta mazao ya faida ndiyo iliyowalazimisha watu kulima pamba isiyowafaa wao wenyewe. Mwezi wa Julai 1905, katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Moto wake ulienea upesi. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, wakauawa wengi kwa bunduki za mtombo. Baada ya vita ikaja njaa, nayo iliua watu wengi kuliko risasi. Basi mtu atazamapo mti mzuri uliopandwa zamani zile, yampasa akumbuke kwamba mmea hauna hatia, lakini shauri la nani aupande, wapi, na kwa faida ya nani, ni shauri la watu, na laweza kuleta baraka au msiba.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Mwaka 1940 Jumba la Makumbusho la Mfalme George wa Tano lilifunguliwa kando ya bustani, nalo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Siku hizo mji uligawanyika: Wazungu walikaa Uzunguni, Wahindi walikaa Uhindini, na Waafrika walikaa Kariakoo na mitaa iliyoizunguka. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu wa kuwatenga watu, yaani Mnazi Mmoja. Bustani ilikuwa upande wa Uzunguni. Kwa hiyo, ingawa ilikuwa mali ya serikali, si kila mtu aliyejiona kuwa na haki ya kukaa chini ya miti yake. Waafrika walichimba, walimwagilia na kufagia, walakini majina yao hayakuandikwa vitabuni pamoja na jina la Stuhlmann. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Bustani nayo usiione yasitawi, imelimwa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mgawanyo ule wa mji ulikoma kuwa na nguvu, na bustani ikawa ya watu wote kweli.

MITI YAKE

Sasa na tutazame baadhi ya mimea iliyoipa bustani hii sifa.

Wa kwanza ni mnazi wa Shelisheli. Huitwa mnazi, lakini kwa ukoo ni jamaa ya mvumo, ule mti mrefu wenye majani kama upepeo unaoota katika mbuga za Kilombero. Kama ulivyo mvumo, huu nao una mti dume na mti jike. Kwao hasa ni visiwa viwili tu vya Shelisheli, Praslin na Curieuse. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote za dunia, nayo yafanana na nazi mbili zilizoungana. Tunda zima laweza kuwa na uzito wa kilo 15 mpaka 30, na huchukua miaka 6 au 7 kuiva.

Zamani, kabla mabaharia hawajavijua visiwa hivyo, maganda ya tunda hili yaliokotwa pwani ya Maldives, yakiwa yametupwa na mawimbi. Watu hawakuujua mti wake, wakasema hakika unaota chini ya bahari. Wafalme waliyanunua kwa mali nyingi, wakiamini kuwa kinywaji kikitiwa ndani yake sumu haidhuru. Kweli ilipojulikana ilikuwa nyepesi. Tunda lenye uhai huzama kwa uzito wake, na lieleal ni lile tu lililokwisha kufa na kuwa tupu. Kwa sababu hiyo mti huu haukuweza kuvuka bahari peke yake kama mnazi wetu wa kawaida, ambao nazi yake huelea. Kila mnazi wa Shelisheli ulioko nchi nyingine ulipelekwa na mikono ya watu, na bustani ya Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali pachache nje ya Shelisheli ulipopandwa.

Wa pili ni mmea wa jamii ya mtapo. Kwa mbali mtu huweza kudhani ni mnazi mfupi, maana una shina nene na majani marefu yaliyopangika kama makuti. Lakini hauna maua kabisa. Huzaa kitu mfano wa nanasi kubwa, na mbegu zimo katikati ya magamba yake. Jamii hii ni ya kale mno. Ilikuwako duniani wakati wa ile mijusi mikubwa ambayo mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin. Mijusi hiyo iliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Ilikwisha yote, lakini jamii ya mtapo ingali hai. Mtapo wa pwani yetu una sumu. Watu wa zamani waliula wakati wa njaa tu, tena baada ya kuuloweka na kuuanika siku nyingi kwa ujuzi walioupokea kwa wazee wao. Asiye na ujuzi huo asijaribu.

Wa tatu ni mkrismasi, ambao mwisho wa mwaka huvaa maua mekundu hata majani hayaonekani. Wengi hudhani ni mti wa nchi hii, kumbe asili yake ni Bukini, yaani kisiwa cha Madagaska. Jakaranda, yenye maua ya rangi ya buluu iliyochanganyika na zambarau, ilitoka Amerika ya Kusini. Bogenvilia nayo ilitoka Brazili, ikaitwa kwa jina la nahodha Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kwa jahazi kati ya mwaka 1766 na 1769. Mwanafunzi aliye na bogenvilia karibu na shule yake aitazame vizuri. Ile rangi nyekundu au ya zambarau si ua, ni majani yaliyogeuka rangi ili kuwaita wadudu. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, nalo limejificha katikati.

Msomaji ataona kuwa wengi katika hao ni wageni. Asishangae, wala asiwadharau, maana wageni wako hata katika chungu chake. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika. Ndizi zilitoka Asia. Mwembe uletao kivuli uani ulitoka Bara Hindi. Hata mpunga, uliolipa bonde la Kilombero sifa katika nchi nzima, asili yake ni Asia. Mmea mgeni ukipata udongo unaoufaa na watu wanaoutunza, baada ya vizazi vichache hakuna akumbukaye ulikotoka.

Lakini si kila mgeni ana heri. Katika miaka ile ile ya 1890 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja ili wale taka za mji. Walizaana, wakavuka mpaka bara, na leo wamejaa Dar es Salaam, ambako hula mayai na makinda ya ndege wengine. Ndege wadogo wa nchi wamepungua mjini kwa ajili yao. Ni rahisi kumleta kiumbe, ila kumrudisha alikotoka ni kazi nyingine kabisa.

FAIDA YA BUSTANI MJINI

Mtu mmoja aweza kuuliza: Ardhi hiyo katikati ya mji ni ya thamani kubwa. Mbona isijengwe maduka na ofisi, serikali ikapata kodi? Swali hilo huulizwa katika kila mji mkubwa, na halikosi majibu.

Jibu la kwanza ni la hewa. Mti hunyonya maji kwa mizizi yake, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka tena majanini kama mvuke tusiouona. Mvuke huo huondoka na joto, kama jasho likaukalo mwilini linavyompoza mtu. Ukuta na lami hufanya kinyume. Mchana hulimeza jua, na usiku hulitoa joto lake polepole. Kwa hiyo mji uliokatwa miti yote huwa na joto mchana na usiku, na anayeumia kwanza ni maskini asiye na kipoza hewa.

Jibu la pili ni la maji. Watu wa Kilombero hawahitaji kufundishwa somo hili. Wamejionea jinsi mbuga yao inavyopokea maji ya milima wakati wa masika, ikayaweka, ikayaachia kidogo kidogo hata kiangazi. Mbuga hiyo, ambayo mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye maana kwa dunia nzima, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,000, na hutoa zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji. Udongo ulio chini ya miti hufanya kazi hiyo hiyo kwa kadiri ndogo. Mvua ikinyesha bustanini huingia ardhini, lakini ikinyesha juu ya lami hukimbia yote kwa pamoja. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, mabonde yakafurika, watu wapatao 40 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Bustani moja haiwezi kuzuia gharika. Lakini mji usioacha mahali po pote pa maji kuingia ardhini hujiandalia gharika wenyewe.

Jibu la tatu ni la elimu. Mtoto aliyezaliwa ghorofani aweza kufika utu uzima bila kujua mbegu inavyoota. Akiletwa bustanini huona mambo ya vitabuni kwa macho yake. Chama cha wapenda bustani kimekuwa na makao yake humo, na watu wamejifunza hapo kutunza maua na miche.

Jibu la nne ni la heshima. Mwenye nyumba kubwa ana bustani yake nyuma ya ukuta. Asiye na nyumba kubwa hana pengine pa kukaa bila kuulizwa, "Wewe wanunua nini?" Katika bustani ya watu wote hakuna aulizwaye hivyo. Hapo mchukuzi na hakimu hukaa chini ya kivuli kimoja.

MALI YA WATU WOTE NA ULINZI WAKE

Walakini mali ya watu wote ina udhaifu wake. Shamba la mtu mmoja lina mlinzi, maana mwenyewe akipoteza atalia. Lakini mali ya wote ikimegwa kidogo leo na kidogo kesho, kila mtu hudhani mwenzake atasema, na mwisho hakuna asemaye. Ndivyo bustani na viwanja vya wazi vilivyopotea katika miji mingi.

Jirani zetu wa Kenya walituonyesha njia nyingine. Mwaka 1989 watawala walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, iliyo katikati ya Nairobi. Mama mmoja, Profesa Wangari Maathai, alikataa. Aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na wa nje, akauliza kwa nini watu wanyang'anywe mahali pao pa kupumzikia. Alitukanwa Bungeni, akadhihakiwa magazetini, na chama chake cha kupanda miti kikafukuzwa katika ofisi yake. Hakunyamaza. Mwishowe waliokuwa watoe fedha walijitenga, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Watu wa Nairobi waliipata bustani yao kwa sababu mtu mmoja alihesabu mali ya wote kuwa mali yake.

Sasa turudi bondeni kwetu. Kati ya milima ya Udzungwa na pori kubwa lililoitwa Selous kuna msitu wa Magombera. Ni msitu wa tambarare, na misitu ya namna hiyo imebaki michache sana, kwa kuwa tambarare ndiyo ipendwayo kwa mashamba ya mpunga na miwa. Magombera umepungua vivyo hivyo. Humo huishi mbega wekundu wa Udzungwa, wasiopatikana po pote duniani ila katika milima hiyo na misitu iliyo karibu nayo. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza kuwa wamepata humo kinyonga asiyejulikana kwanza na elimu, wakamwita kwa jina la Magombera. Jinsi alivyopatikana ni kichekesho. Mtaalamu alimshtua nyoka aliyekuwa akila, nyoka akakimbia, akamtema kinyonga. Baada ya miaka mingi ya mashauri, serikali iliutangaza msitu huo kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Basi fikirini: Stuhlmann alitafuta miti ya ajabu ng'ambo ya bahari akaileta Dar es Salaam kwa merikebu, na huku bondeni kulikuwa na viumbe ambavyo elimu ya dunia haikuvijua hata miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Hapo ndipo mtu wa Masagati aonapo kwamba habari za bustani ya mji ni habari zake mwenyewe. Mji wa Dar es Salaam ulijaa majengo, na leo hulinda kwa shida kipande kidogo cha miti, iliyopandwa mmoja mmoja kwa gharama kubwa. Sisi tumepewa bila kupanda. Tukikata yote kwa haraka, wajukuu wetu watalazimika kununua miche na kuimwagilia kwa ndoo ili wapate kivuli ambacho babu zao walikichoma kuwa mkaa. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni na apandwe, maana anayo faida yake, bali mwenyeji asing'olewe kwa ajili yake.

Kila kijiji chaweza kufanya mambo matatu bila kungoja fedha. Kwanza, kitenge mahali pa wazi, karibu na shule au baraza, na mpaka wake uandikwe mbele ya mkutano wa kijiji, ili asitokee mtu kesho akasema ni pake. Pili, miti ya asili iliyosimama kwenye chemchemi na kingo za mito isiguswe, maana hiyo ndiyo ilindayo maji. Tatu, walimu na wanafunzi waandike majina ya miti ya kwao kwa lugha ya kwao, pamoja na kazi zake, kabla wazee waijuao hawajaondoka. Daftari hilo likijaa, shule itakuwa na elimu isiyopatikana katika kitabu cho chote cha dukani.

Na wewe msomaji, siku utakapofika Dar es Salaam kwa shughuli zako, ukipata nafasi ingia bustanini. Utazame majani ya mnazi wa Shelisheli, uyalinganishe na mvumo wa kwenu. Kisha keti kivulini bila wasiwasi, kwa maana bustani hiyo ni yako pia, nawe ni mmoja wa walinzi wake.